Vibuyu chirizi 72 na mishale iliyokatika: maoni yangu kuhusu mwongozo wa kuchora mantiki ya mradi

Februari 2019, miezi minne baada ya kukabidhi mradi wetu wa kunawa mikono shuleni, nilirudi kwenye shule moja ya msingi huku Handeni, mkoani Tanga. Nilikaa chini ya mwembe unaotazamana na vyoo, daftari mapajani. Kengele ya mapumziko ikagongwa. Nikahesabu watoto 46 wakitoka chooni. Kati yao 31 waligusa maji. Sabuni hakugusa hata mmoja, maana haikuwapo. Kamba iliyokuwa imebeba kipande cha sabuni ya mche ilikuwa inapepea tu, na mwisho wake umebaki uzi wa wavu wa vitunguu tuliokuwa tumeifungia.

Wakati huo ripoti yetu ilikuwa imeshamfikia mfadhili, na ilisema tumetimiza malengo kwa asilimia 100. Haikudanganya. Tuliahidi vibuyu chirizi 72, yaani madumu ya kuning'iniza yanayochirizisha maji ya kunawia, katika shule 12, tukajenga 72. Tuliahidi kufundisha walimu wa afya 24, tukafundisha 24. Picha za Oktoba 15, Siku ya Kunawa Mikono Duniani, zilikuwa na watoto wanaocheka na povu limewafika kwenye viwiko. Mimi ndiye niliyeandika ripoti ile, kwa kuwa ndiye afisa ufuatiliaji na tathmini wa shirika letu la watu saba. Chini ya mwembe ule nilishindwa kuelewa nilikuwa nimetathmini nini.

Ndiyo sababu ninaandika maoni haya. Baada ya siku ile nilitafuta chombo cha kunisaidia kupanga awamu ya pili, na nilichokipata nimekitumia tangu hapo katika miradi minne: mwongozo wa W.K. Kellogg Foundation wa kuandaa modeli ya mantiki, toleo la 2004. Wakfu huo uko Battle Creek, Michigan, Marekani, na ulianzishwa mwaka 1930 na mwenye kampuni ya nafaka za kifungua kinywa. Mwongozo unapatikana bure mtandaoni. Gharama yangu ilikuwa kuuchapisha tu: kurasa zaidi ya 60 pale stesheneri, kwa sababu siwezi kusoma kitu kirefu kwenye simu bila kukipigia mistari.

Kwa asiyejua modeli ya mantiki ni nini: ni picha ya mradi wako kwenye karatasi moja. Kushoto unaweka ulicho nacho, yaani fedha, watu, vifaa. Halafu shughuli utakazofanya. Halafu kile ambacho shughuli hizo zitazaa moja kwa moja, kama idadi ya mafunzo au vibuyu. Halafu mabadiliko kwa watu. Kulia kabisa, mabadiliko makubwa ya kudumu katika jamii. Kati ya kisanduku na kisanduku kuna mshale. Wazo hili si geni. Joseph Wholey na wenzake pale Urban Institute, Washington, walilifanyia kazi miaka ya 1970, wakitaka kujua kama programu za serikali yao zina mantiki ya kutosha hata zistahili kutathminiwa. Shirika la hisani la United Way lililieneza zaidi kwa mwongozo wake wa 1996. Ndugu yake, lojifremu, yaani fomu ya kupangia mradi ya safu nne na mistari minne ambayo kila aliyewahi kuandika andiko la mradi ameshaijaza usiku wa manane, ilibuniwa kwa ajili ya USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960.

Lojifremu naijua vizuri. Vibuyu 72 vilipangwa kwa lojifremu. Tatizo ni kwamba visanduku 16 vinajazika hata kama huelewi mradi wako. Unaandika sentensi fupi katika kila kimoja, unahamia kinachofuata, na hakuna anayekuuliza kimefikaje hapo. Kwenye safu ya mwisho, ile ya mambo tunayoyachukulia kuwa yatatokea, nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: "Jamii itachangia sabuni." Maneno matatu. Hakuna aliyeyasoma mara ya pili, na mimi pia sikuyasoma.

Mwongozo wa Kellogg unakulazimisha usome mchoro kwa sauti, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa sentensi za "ikiwa hiki, basi kile". Hapa ndipo Kiswahili kilipotusaidia kuliko nilivyotarajia, kwa sababu sisi hatuhitaji hata hayo maneno mawili. Tuna -ki-. Tukijenga vibuyu, shule zitakuwa na maji ya kunawia. Shule zikiwa na maji na sabuni, watoto watanawa. Watoto wakinawa, wataharisha kidogo. Wasipoharisha, hawatakosa masomo. Unasoma mara moja na sikio lenyewe linakuambia wapi pamelegea. Na ukienda uwandani baada ya mwaka, sikiliza wapi watu wanatumia -nge-. Mwalimu wa afya aliponiambia "wangenawa kama sabuni ingekuwapo," alikuwa amenionyesha mshale uliokatika kwa herufi tatu. Siku hizi ninapofanya mahojiano ya tathmini napigia mstari kila -nge- ninayoisikia.

Tafsiri ya majina ya safu, kwa upande mwingine, ilitutesa. Mwongozo nilio nao ni wa Kiingereza, na Kiingereza kina maneno matatu tofauti (outputs, outcomes, impact) kwa vitu ambavyo Kiswahili cha ofisini hukusanya vyote katika neno "matokeo". Tulijaribu "mazao" kwa yale ya kwanza. Kijijini, baba mmoja akauliza kama tutaleta na mbegu, na alikuwa na haki ya kuuliza, kwa kuwa mashirika ya kilimo yamepita pale mengi. Kwa mabadiliko makubwa tukajaribu "athari". Mkutano ukanyamaza. Mama mmoja akasema, "Sasa kama una athari, mwanangu, mbona mnatuletea?" Kwa wataalamu athari ni neno lisilo na upande. Kwa mzazi wa Handeni athari ni ubaya: athari za ukame, athari za pombe.

Tukayatupa majina yote, tukaandika juu ya kila safu swali. Tuna nini? Tutafanya nini? Kitaonekana nini? Wao watafanya nini? Maisha yao yatakuwaje? Na hapo nikaona jambo ambalo sijalisoma kwenye mwongozo wowote. Angalia viambishi. Safu za kushoto ni tu-: tuna, tutafanya, tutajenga. Ukivuka katikati, kiambishi kinabadilika, kinakuwa wa-: watanawa, watanunua, watafundishana. Hapo kiambishi kinapogeuka ndipo mradi unapotoka mikononi mwako na kuingia mikononi mwa wenyewe. Nilirudi kwenye ripoti yangu ya asilimia 100 nikaisoma upya. Tulijenga. Tulifundisha. Tulisambaza. Tuliadhimisha. Kurasa 14, na sikupata kitenzi kimoja cha wa- ambacho mtendaji wake alikuwa mtoto.

Sasa nieleze tulivyoutumia, maana mwongozo uliokaa kwenye kabati hauna thamani yoyote.

Awamu ya pili ilikuwa shule sita, miezi 18. Katika shule ya kwanza tuliomba siku nzima na kamati ya shule: mwalimu mkuu, mwalimu wa afya, mwenyekiti wa kijiji, wazazi watano, na wanafunzi wawili wa darasa la sita. Hatukuwa na projekta, na sikuitaka. Tulikata karatasi za manila kuwa kadi, tukaandika kwa makapeni, tukazibandika ukutani kwa selotepu. Mishale hatukuichora. Tuko Tanga, kamba za katani hazikosekani dukani. Kila mshale ukawa kipande cha kamba, na sharti likawa hili: hakuna kamba inayofungwa mpaka mtu aliyemo chumbani aeleze kwa nini kadi ya kwanza italeta ya pili.

Tulianzia kulia, kwenye maisha tunayoyataka, tukarudi nyuma. Kadi ya "watoto watanawa kwa sabuni" na kadi ya "sabuni ipo kila siku" zilipofika ukutani, nikafunga kamba mwenyewe, haraka, kwa mazoea. Bibi mmoja, mjumbe wa kamati kwa miaka mingi, akaniita.

"Mwanangu, hiyo sabuni ananunua nani?"

"Bibi, tuliandika kwamba wazazi watachangia."

"Ulimuuliza mzazi gani?"

Sikuwa na jibu. Mwalimu mkuu alikuwa anatazama mezani. Baadaye akaeleza kwa upole, na maelezo yake yana uzito ambao ofisini kwetu hatukuwa nao. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi ni bila malipo, na hakuna mwalimu mkuu anayetaka kusikika akidai chochote kwa mzazi, hata kama ni kipande cha sabuni. Ruzuku ya serikali wakati huo ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na si yote iliyofika kwenye akaunti ya shule, kwa kuwa sehemu yake ilikuwa ya vitabu. Ile inayofika inasubiriwa na chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika, na bati lililong'olewa na upepo. Sabuni inapanga foleni nyuma ya hivyo vyote.

"Basi hiyo kamba haijafungwa popote," bibi akasema. "Ikate."

Nikaikata. Ikaning'inia ukutani, na watu wote chumbani wakaikodolea macho. Nimefanya kazi hii miaka tisa na sijaona ukurasa wa lojifremu ukitazamwa hivyo.

Saa mbili zilizofuata ndizo zilizookoa awamu ya pili. Mwalimu wa afya akapendekeza tuachane na mche, kwa sababu mche unaibwa, unaliwa na panya na mvua inauyeyusha, tutumie maji ya sabuni: vijiko vichache vya sabuni ya unga katika chupa ya maji ya lita moja na nusu, tundu dogo kwenye kifuniko, chupa imefungwa kwa waya pembeni ya dumu. Hakuna anayeiba chupa ya maji yenye povu. Wazazi wakaliamua wenyewe suala la fedha kwenye mkutano wao, kwa hiari, na fedha zikashikwa na kamati badala ya mwalimu. Kamba mpya ikafungwa, fupi na imekazwa.

Mwongozo unafaa pia kwenye tathmini, na sura ya nne ndiyo inayohusika. Nawaambia wenzangu waisome mara mbili. Kwa kila mshale unajiuliza: nitajuaje kama umeshika? Hapo tukagundua kwamba si kila mshale unahitaji fedha zetu kuupima. Kwamba kunawa mikono kwa sabuni kunapunguza kuharisha, tafiti zilizokusanywa na Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, zimeshaonyesha, kiasi cha theluthi moja kwa watoto wa shule na vituo vya kulelea. Shule sita haziwezi kuongeza wala kupunguza kitu kwenye ushahidi huo. Huo mshale tuliuazima. Mshale uliokuwa wetu kuupima ni ule wa sabuni kuwapo na watoto kuitumia.

Kuuliza watoto tuliacha. Mtoto wa darasa la tatu anakutajia nyakati zote za kunawa kama anavyotaja miezi ya mwaka. Kuwatazama ni bora zaidi, lakini mgeni mwenye daftari akikaa karibu na choo, watoto hunawa kwa ajili yake, na hata wale 31 wangu wa chini ya mwembe sina hakika nao wote. Basi tukatumia chupa yenyewe. Mwanafunzi wa zamu anaweka alama ya kalamu kwenye usawa wa maji ya sabuni asubuhi, na nyingine jioni. Kama umbali kati ya alama mbili ni upana wa kidole, kuna mikono imenawa. Kama alama ni ileile siku tatu, mwalimu wa afya anajua bila kunisubiri mimi. Kiashiria hiki hakina gharama, na wanakitumia wao kabla hakijafika kwangu.

Nina malalamiko, na nayaandika bila kupunguza.

La kwanza ni muda. Mwongozo unasema mabadiliko ya awali yatarajiwe ndani ya mwaka 1 hadi 3, ya muda mrefu miaka 4 hadi 6, na makubwa kabisa miaka 7 hadi 10. Hizo ni namba za kweli, zinaheshimu jinsi watu wanavyobadilika. Lakini miradi tunayopata sisi ni ya miezi 12, 18, ikizidi sana 24. Kwa hiyo nusu ya mchoro iko nje ya mkataba, na usipokuwa mkweli utajikuta unaahidi mambo ya mwaka wa saba yatokee mwezi wa kumi na saba. Sisi sasa tunachora mstari wa wima mwekundu mahali fedha zinapoishia, na tunamwonyesha mfadhili mstari huo mapema.

La pili linanigusa zaidi. Yule binti wa darasa la sita aliyekuwa amekaa kimya kikaoni tangu asubuhi aliinua mkono jioni, tukiwa tunakusanya kadi zilizobaki. "Madam, maji ya kibuyu ndiyo yanatuchelewesha." Handeni maji ni shida, kiangazi ndiyo usiseme. Madumu ya vibuyu vyetu 72 yalikuwa yakijazwa na maji ambayo wasichana walibeba kutoka nyumbani, lita tano kila mmoja, kabla ya namba ya asubuhi. Wavulana hawakuambiwa. Mradi wa kuwafanya watoto wasikose masomo ulikuwa unawachelewesha wasichana kipindi cha kwanza.

Nilitafuta pa kubandika kadi yake. Maelezo ya mwongozo yanakiri kwamba mabadiliko yanaweza kuwa yaliyokusudiwa au yasiyokusudiwa, lakini mchoro wenyewe hauna kisanduku cha yale yasiyokusudiwa. Mishale yote inaelekea kwenye mema. Ndipo nikakumbuka lile neno tulilolitupa asubuhi. Tukabandika kadi mpya chini ya zote, tukaandika ATHARI kwa maana anayoijua mzazi, tukafunga kamba kutoka kwenye kadi ya maji hadi kwenye kadi ya binti. Tangu siku hiyo kila mchoro tunaoufanya una safu ya athari chini, na swali lake huulizwa wasichana kwanza. Pale shuleni zamu ya maji iligawanywa kwa wote, na kamati ikaweka mfereji wa bati na pipa la kuvunia mvua. Pipa halitoshi mwaka mzima.

La tatu: mchoro hauthibitishi kwamba ni wewe uliyeleta mabadiliko. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, zikafunguliwa mwishoni mwa Juni, na kila mlango wa duka, msikiti na kituo cha basi ukawa na ndoo yenye koki. Kama tungepima kabla na baada tu, tungejipa sifa zote. Mwongozo unakusaidia kujua nini cha kupima. Namna ya kulinganisha na mahali ambako mradi haukufika itafute kwingine.

Na kuna jambo ambalo si kosa la mwongozo. Mfadhili mmoja, ambaye simtaji, aliupokea mchoro wetu akaufanya kiambatisho cha mkataba. Tulipogundua miezi sita baadaye kwamba mshale mmoja hauna msingi, tukaomba kuubadilisha, tukajibiwa kwamba mchoro umeshasainiwa. Ukiwa unaandaa andiko, omba kiingizwe kifungu kinachoruhusu mchoro kupitiwa upya kila baada ya miezi sita. Tukimweleza mfadhili mapema, wengi wanakubali.

Ninampendekezea nani? Mashirika madogo kama letu, vikundi vya kijamii vinavyoomba fedha kwa mara ya kwanza, maafisa maendeleo ya jamii wa kata. Kama mradi wako ni kuchimba kisima kimoja na kukikabidhi, hauhitaji siku nzima ya kamba na kadi. Ila kama kufanikiwa kwako kunategemea mtu mwingine abadilishe anachofanya kila siku, tenga hiyo siku. Anza na sura ya pili moja kwa moja. Ya kwanza utairudia baadaye, na ya tatu, inayohusu nadharia ya mabadiliko, yaani kwa nini unaamini njia yako italeta mabadiliko, iache mpaka umeshachora mchoro mmoja kwa mikono yako. Majedwali matupu ya mwisho yachapishe kwenye karatasi ya A3, kwenye A4 hayaandikiki. Mifano iliyomo ni ya kliniki ya bure katika mji wa kubuni wa Marekani. Isome kwa ajili ya umbo lake, kisha weka ya kwako. Chuo Kikuu cha Wisconsin nacho kina fomu zake za bure, rahisi zaidi kwa anayeanza, na nimezitumia kufundishia walimu.

Naupa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano nimeizuia kwa ajili ya kile kisanduku kinachokosekana. Vifaa vya siku nzima kwa watu kumi vilitugharimu manila sita, makapeni mawili, selotepu na fungu moja la kamba ya katani. Na chai ya saa nne pamoja na mihogo, ambayo msiiache, kwa sababu binti yule alianza kuzungumza na mwalimu wa afya pale kwenye chai.